Kizibo cha Mvureko

Hapo zamani, na si ile zamani ya sungura kuvaa kanzu, ni hii ya juzijuzi ambayo babu zenu waliiona kwa macho yao kisha wakanyamaza kwa aibu, palikuwa na kijiji kiitwacho Mvureko, huko milimani Upareni. Kaeni vizuri. Mwenye kutaka kusinzia asinzie mapema, maana nina swali, na sitaki mtu aniambie hakusikia habari ilikuwaje.

Mvureko hakukuwa na mfalme. Kulikuwa na ndiva. Ndiva ni bwawa: ukuta wa mawe na tope uliojengwa mteremkoni, maji ya kijito yakajaa humo, kisha yakafunguliwa kwenda mashambani kwa mfereji. Chini ya ukuta kulikuwa na tundu, na kwenye tundu kulikuwa na kizibo, gogo la mti mgumu lenye unene wa paja, limevikwa ngozi ya ng'ombe. Anayeshika kizibo ndiye anayegawa maji. Anayegawa maji ndiye anayesema nani atavuna na nani atakwenda kuomba unga kwa shemeji. Sasa niambieni, mfalme wa nini tena?

Mwaka huo kizibo kilikuwa mikononi mwa mama mmoja, Namcharo, mfupi, mwenye sauti ya kuitia mbuzi ng'ambo ya bonde, asiyempenda mtu wa kuzungukazunguka katika maneno. Alizaliwa katika ukoo wa watu wa matambiko, akaolewa na Mwislamu, na binti yake alibatizwa, akawa anaimba kwaya. Basi Waislamu walimhesabu wao. Wakristo walimhesabu wao. Watu wa matambiko walisema mti haukani mzizi wake. Yeye mwenyewe akiulizwa ni wa upande gani alijibu kuwa ni wa upande wa maji, akaendelea na kazi zake.

Na Mvureko walikuwa na desturi moja nzuri sana. Ijumaa Waislamu wakiwa msikitini, Wakristo ndio waliowamwagilia mashamba. Jumapili Wakristo wakiwa kanisani, Waislamu ndio waliowamwagilia wao. Na siku ya tambiko, watu wa mizimu wakiwa msituni kwao, hao wote wawili waliwashikia majembe. Hakuna aliyeiandika desturi hiyo popote. Walisema tu kwamba maji hayajui sikukuu.

Kizibo nacho kilikuwa na sheria yake. Mtu alikishika miaka tisa, basi. Mwaka wa tisa, masika yakiisha na ndiva imejaa, alikichomoa mbele ya watu wote, maji yakaanza kutoka, akamkabidhi mwingine, na huyo mwingine akakirudisha tunduni kabla ndiva haijakauka. Asipopatikana wa kukirudisha, ndiva iliachwa kavu mpaka masika mengine, na kiangazi cha Mvureko hakina mzaha. Na wa kupewa ni nani? Kizibo hakirithiwi, hakinunuliwi, wala hakiombwi. Anayejisemea amejiondoa. Kilipewa mtu aliyelinda kisichokuwa chake, naye sharti asemewe na mtu asiyesali naye.

Mwaka wa tisa wa Namcharo ukaja, na maneno yakaja nao. Waislamu walisema safari hii ni zamu yetu. Wakristo walisema hapana, ni zamu yetu. Watu wa matambiko walisema ndiva ilichimbwa na mababu, na ninyi nyote mlikuja na vitabu vyenu ikiwa imeshajaa. Kila upande ulikuwa na hesabu zake, na kila hesabu ilikuwa sahihi, ilimradi uanze kuhesabu pale alipoanzia mwenye hesabu.

Ukafika wakati wa msaragambo, ile kazi ya kijiji kizima ya kukandika ukuta wa ndiva kabla ya mvua. Mwaka huo hawakutaka kuchanganyika. Walitaka ukuta ugawanywe vipande vitatu, kila dini na kipande chake, ili ionekane nani anaijali ndiva kuliko wenzake. Walikwenda kwa Namcharo wakitegemea atawafukuza. Namcharo alicheka. Aliwaambia washindane tu, ukuta ndio utakaofaidika. Kosa la kwanza ni hilo, nalo ni la kwake, na kicheko hicho alikijutia kuliko jambo lolote alilowahi kulifanya.

Walishindana kweli. Waislamu walichukua upande wa mashariki, wakaukandika tope laini, wakachora mwezi na nyota. Wakristo walichukua upande wa magharibi, wakapanga mawe meupe kwa umbo la msalaba. Watu wa matambiko walichukua katikati, wakapaka majivu, wakamwaga na pombe ya miwa, ingawa wapo wanaosema pombe iliyofika ukutani ilikuwa kidogo. Watu wa vijiji jirani walikuja kutazama, na ukuta ulipendeza hasa. Tatizo lilikuwa dogo tu. Pale kipande kimoja kilipokutana na kingine, palibaki nafasi ya upana wa kiganja isiyoguswa na mtu. Kila fundi alisimama pale alipodhani mwenzake anaanzia. Ukiuliza, uliambiwa hapo ni pa wenzetu. Ukiwauliza hao wenzao, walikuambia vilevile.

Masika yakaanza. Ijumaa moja Namcharo alikuwa msibani kijiji cha pili, wifi yake amefariki. Yaliyotokea nyuma yake alisimuliwa na watu wasiopungua arobaini, kila mmoja akijiweka mbele kidogo ya alipokuwa. Alipoyapepeta yote, alibaki na haya.

Palikuwa na Mzee Anaeli, mzee wa kanisa na mwalimu wa kwaya, mtu mrefu mwenye haya, ambaye hata kukohoa anakohoa kwa kuomba radhi. Tangu ugomvi uanze, Wakristo waliacha kuwasaidia Waislamu siku ya Ijumaa. Anaeli peke yake hakuacha. Adhuhuri ile, mvua inanyesha, alikuwa akizoa tope kwenye mifereji ya Waislamu. Akainua macho, akaona maji yanaruka kutoka ukutani, pale pale kwenye kiungo kisicho na mwenyewe. Chini yake, moja kwa moja, ulikuwa msikiti, na wanaume wote wa Kiislamu wa Mvureko wamo ndani wanasikiliza hotuba.

Njia ilikuwa moja: kuchomoa kizibo, maji yatoke kwa mfereji, ukuta upumue. Lakini asiye mshika kizibo haruhusiwi kukigusa. Tena maji mengi kiasi kile yangeujaza mfereji na kumwagika kwenye shamba la kwanza, na shamba la kwanza lilikuwa maharage ya kanisa, yaliyolimwa na usharika mzima ili wanunue bati. Anaeli aliingia majini akakichomoa. Maharage yalikwenda yote na udongo wake. Ukuta uliangusha mawe machache tu, na tope likaishia kwenye ngazi ya msikiti.

Waumini wakatoka. Walichokiona ni ukuta umepasuka, maji kila mahali, na mzee wa kanisa amesimama, tope limemfika kifuani, kizibo mkononi. Mtu akasema anataka kutuzamisha tukiwa tunasali. Majembe yakainuliwa. Hapo ndipo alipoingia Maalim Idrisa, aliyekuwa akisalisha msikitini hapo, mnene, mpenda mzaha. Alitumbukia kwenye tope na kanzu yake nyeupe, akasimama mbele ya Anaeli, akanyoosha mikono.

"Mwenye kutaka kumpiga aanze na mimi," alisema. "Nami bado nina udhu, kwa hiyo fikirini vizuri."

Walishusha majembe siku hiyo, lakini hawakushusha maneno. Wiki ile wakubwa wa msikiti walimfuata Maalim nyumbani. Walitaka Ijumaa inayofuata aseme mimbarini kwamba Mkristo alitaka kuwaua, kwa hiyo kizibo ni haki ya Waislamu. Maalim aliwaambia mimbari haijajengwa kwa kazi hiyo. Walimwambia akikataa, asipande tena. Ijumaa ilipofika alipanda, akasema mbele ya watu wote kwamba amekwenda na kamba akaupima ukuta, na kwamba ufa ulianzia pale kipande cha Waislamu kilipoishia, pungufu ya kiganja kimoja. Akasema aliyesimamia kipande hicho ni yeye mwenyewe, na ni yeye aliyewaambia vijana hapo ni pa wenzetu. Akasema Anaeli amewaokoa. Akashuka. Hakupandishwa tena tangu siku hiyo.

Bado ukuta ulikuwa umepasuka na masika hayajaisha. Mafundi walisema tope halitoshi. Ilihitajika nguzo moja ndefu ya kulazwa ndani ya ukuta kutoka mashariki hadi magharibi, ivifunge vipande vyote vitatu viwe kimoja. Mti wa urefu huo ulikuwa mmoja tu milimani, nao ulikuwa katikati ya msitu wa matambiko. Mababu walizikwa hapo. Hata kuni kavu haziokotwi mle.

Mlinzi wa msitu huo aliitwa Mzee Kirumbi, mkavu, mchache wa maneno, mwenye nyusi za kumtisha mtoto. Alikaa siku mbili mbele ya mti ule akiuliza mizimu. Siku ya tatu alichukua shoka lake, akauangusha mwenyewe, hakutaka mwingine abebe lawama. Watu wake walipomuuliza mizimu ilimjibu nini, alisema haikujibu, naye amechukulia kimya hicho kuwa ni ndiyo. Hawakucheka. Walimwambia amewauza wafu wao kwa dini za watu, wakamkataza kukanyaga msituni maisha yake yote. Anaeli naye wakati huo alikuwa ameshavuliwa uzee wa kanisa, kwa kutoa maharage ya watu bila kuuliza watu.

Nguzo ililazwa, ukuta ukashika, ndiva ikajaa. Masika yakaisha, ikafika siku.

Namcharo alisimama ukingoni asubuhi, Mvureko nzima imekuja, nao wamekaa makundi matatu kama mchele uliochambuliwa. Aliogopa. Miaka tisa hakuwahi kuiogopa ndiva, lakini siku hiyo aliona kwamba akikosea, hakutakuwa na Mvureko moja tena, na alijua vile vile nani alicheka wakati ukuta unagawanywa. Alishuka, akakichomoa kizibo, akapanda nacho. Maji yakaanza kwenda.

"Nani amelinda kisichokuwa chake?" aliuliza. "Asemewe."

Kila kundi lilikuwa na mtu wake, limempigia debe mwaka mzima, limemshonea na nguo mpya. Lakini watu hao walikuwa wameyatukana makundi mengine mawili kwa bidii sana, na sasa hakukuwa na mtu wa nje wa kuwasemea hata neno moja. Walitazamana. Maji yalikuwa yameshashuka mkono mmoja.

Akasimama Kirumbi. Watu wake walimgeuzia mgongo, naye akawasemesha migongo yao. Alisema anamsemea Anaeli, ambaye hasali naye. Alisema huyu mtu alikuwa na njia ya kwenda nyumbani na hakuna ambaye angemlaumu. Msikiti haukuwa wake, waliomo ndani walikuwa wameacha kumsalimia, na akalinda.

Akasimama Anaeli, akakohoa kwanza. Alisema anamsemea Maalim, ambaye hasali naye. Alisema maji yasingemuua yeye, majembe yangemuua, na kama yangemuua, jioni hiyo damu ingelipwa kwa damu na sasa tusingekuwa na wa kumpa kizibo wala wa kumnyima. Jina lake yeye Anaeli halikuwa mali ya Maalim, na Maalim alililinda kwa gharama ya mimbari yake.

Akasimama Maalim. Alisema anamsemea Kirumbi, ambaye hasali naye, na ambaye yeye Maalim alimwambia mara kadhaa kwamba ataungua motoni. Watu wakacheka kidogo. Alisema sisi wawili, mimi na Anaeli, tulipoteza cheo, na cheo hurudi. Mti wa miaka mia tatu haurudi. Huyu amekata kilicho chake ili kisimame kisichokuwa chake, na ukuta huu tuliokaa juu yake umeshikwa na mababu wa watu tunaowaita washenzi.

Basi kelele zikaanza. Mmoja alisema Anaeli aligusa kizibo kabla ya kupewa, na mwizi wa heri ni mwizi. Mwingine alisema maharage yalikuwa ya usharika, ukarimu wa mali ya wenzako ni ukarimu gani? Mwingine alisema Maalim kiganja kile alikiacha mwenyewe. Aliyetoboa mtungi hasifiwi kwa kukiri. Mwingine alisema Kirumbi alitoa mti wa wafu na wa watoto ambao hawajazaliwa, na hakuwauliza hata hao walio hai. Halafu akasimama bibi mmoja wa kanisani, akapaza sauti juu ya kelele zile.

"Hawa watatu wamekataliwa na nyumba zao," alisema. "Mtu aliyeshindwa kukaa na watu wake, ataweza kukaa na wetu?"

Na kutoka upande wa msikiti sauti ikamjibu taratibu, "Mama, waliokaa vizuri na watu wao ndio waliotugawia ukuta."

Namcharo alitazama ndiva. Yale mawe ya chini yalikuwa yameanza kuonekana. Aliwaita wote watatu wakasimama mbele yake, akawauliza swali moja, na aliwauliza kwa sauti ya chini ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake.

"Nikikupa hiki, siku ya kugawa maji Mungu wako atakaa wapi?"

Anaeli alisema atakaa naye hapo hapo ukingoni. Alisema siku ile kwenye tope hakuwa na ushujaa, yeye ni mwoga na wote wanamjua. Kilichomwingiza majini ni imani yake tu. "Mkinivua hiyo, Mama, Ijumaa ile ningekuwa nimekaa nyumbani najikausha."

Maalim alisema yeye atamwacha Mungu wake msikitini, kwa heshima kabisa, na hapa atakuja na kamba ya kupimia. Alisema ameona mimbari ikitaka kushika kizibo na amenusa damu. "Nitasali kwangu, Mama. Mfereji nitaupima kwa kamba, na kamba haina kibla."

Kirumbi aligeuka kwanza, akautazama msitu. Kisha alisema yeye hajui mizimu yake iko wapi tena. Alisema alikuwa na imani na alikuwa na kijiji, siku ile ikabidi achague, akachagua kijiji, na shoka lile bado analisikia mabegani. "Sina pa kumweka, Mama. Nilishamtoa pamoja na mti ule."

Mama wa watu macho yakamjaa machozi, naye hakujificha. Aliwapenda wote watatu, na hilo halikumsaidia kitu. Mmoja ataileta imani yake kwenye maji, kwa kuwa ndiyo iliyomfanya awe mwema. Mmoja ataiacha mlangoni, kwa kuwa ameona inavyotumiwa na wabaya. Mmoja ameivunja kwa ajili ya watu wote, na sasa hana mahali pa kupiga goti. Yeyote atakayempa, ndivyo Mvureko itakavyoishi miaka tisa, na watoto watakua wakidhani ndivyo mambo yanavyotakiwa kuwa.

Nimefika hapo nilipofika. Mnaosali leo na msiosali, msiniangalie mimi, mwangalieni yeye. Kizibo kizito mikononi mwake, watatu wamesimama, na maji yaliyobaki ndivani ni ya kufika vifundo vya miguu tu, na yanazidi kushuka. Semeni upesi: ni nani kati yao aliyestahili kukirudisha?